Nimemwambia mke wangu nimezini moyoni, amefunga mzigo. Wanaojua Maandiko: kuwaza ni kuzini?

#1 Mkata Mabibo (mleta uzi)

Wakuu salama? Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite.

Mimi mkulima wa korosho huku Tandahimba, Mwanglikana wa kuzaliwa. Ndoa ina miaka 11 na watoto watatu. Sijawahi kutoka nje ya ndoa hata siku moja. Hilo mlishike, maana ndilo linalonichanganya.

Jumapili iliyopita jirani alinialika kwenye mkutano wa injili. Mhubiri alikuwa mgeni, simtaji. Akasoma Mathayo 5:28, "Kila mtu atazamaye mwanamke kwa kumtamani, amekwisha kuzini naye moyoni mwake." Akafunga Biblia akasema mwanaume anayetoka gesti na mwanaume aliyegeuza shingo stendi ni kitu kimoja, tofauti yao mmoja kalipia chumba. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Kwa sababu yupo mtu. Ni karani wa mizani kwenye ghala la chama chetu cha msingi. Ukifika na mzigo anachota korosho kiganjani, anazitikisa karibu na sikio asikie kama zimekauka, halafu anakuonyesha mizani kwa kidevu. Basi. Namba yake sina, na sijawahi kuongea naye zaidi ya habari za kilo. Lakini tangu msimu ufunguliwe namuwaza, na siwazi kilo.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nimemkuta mke wangu chini ya mwembe anamenya ming'oko ya kuchemsha. Nikakaa, nikamwambia yote. Nilidhani tutaomba pamoja yaishe. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Jina lake nani?" Nikalitaja. Akamaliza kumenya ule aliokuwa ameushika, akampa mtoto, akaingia ndani. Mchana yuko kwenye gari la Masasi, anakwenda kwa kaka yake Ndanda. Ujumbe kaniachia kwa binti mkubwa: "Mwambie baba yako, Biblia yake inasema mzinzi anaachika."

Sasa naomba wanaojua. Mtu ambaye hajamgusa mwanamke ni mzinzi kweli? Na kama ni mzinzi, mke wangu ana haki?

#2 Dogo wa Shangani

Njomba, nani alikutuma? Umekamatwa bila kukimbizwa.

#3 Moto Juu ya Mlima

Bwana Yesu asifiwe. Mtumishi aliyehubiri hakukosea hata nukta. Neno limesema AMEKWISHA kuzini. Halikusema "anakaribia", halikusema "ni kama amezini". Amekwisha, biashara imefungwa. Watu wa siku hizi mnatafuta kona ya kujifichia. 2 Petro 2:14 inataja watu wenye macho yaliyojaa uzinzi, kwa hiyo macho peke yake yanaweza kujaa. Mleta uzi, wewe ni mzinzi, tubu. Mkeo muombe msamaha kama mzinzi anavyoomba. Mambo ya "sijamgusa" yaache.

#4 Dogo wa Shangani

Basi hapa Mtwara mjini hakuna mwanaume atakayeuona ufalme wa mbinguni. Hata kuvuka barabara ya sokoni ni zinaa sita.

#5 Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefundisha dini vigango vya huku kwa miaka mingi, na swali hili huulizwa na vijana wa kipaimara kila mwaka, ila wao huuliza kwa kunong'ona. Naomba nikae nalo kidogo.

Ndugu Moto umeshika neno "amekwisha", umefanya vizuri, lipo. Lakini umeruka maneno mawili yaliyo mbele yake: "kwa kumtamani". Bwana hakusema kila amwonaye mwanamke. Hakusema hata kila atamaniye. Amesema atazamaye KWA kumtamani. Kwa Kigiriki ni *pros to epithymesai*, na hiyo *pros to* inaonyesha shabaha, ndiko jicho linakopelekwa. Mtu anatazama ili atamani. Hamu imekaa kwenye usukani na macho yanatumwa.

Kitenzi chenyewe, *epithymeo*, si tusi. Ndicho kilichotumika katika Torati ya Kigiriki kwenye Kutoka 20:17, "usitamani mke wa jirani yako". Lakini pia ndicho Yesu mwenyewe anatumia Luka 22:15: "Nimetamani sana kuila pasaka hii pamoja nanyi." Kwa hiyo kutamani kama kutamani si najisi. Inategemea unatamani nini, na ni cha nani. Sikilizeni pia jinsi Bwana alivyozishona amri mbili pamoja, ya sita na ya tisa kwa hesabu yetu Wakatoliki: usizini, na usitamani mke wa mtu. Wasikilizaji wake walikuwa wanaitunza ya kwanza kwa mwili na kuichezea ya pili kichwani.

Mtakatifu Augustino aliandika ufafanuzi wa Hotuba ya Mlimani mnamo 393 au 394, akapita palepale tunapobishania. Akapanga ngazi tatu. Kwanza jambo linakujia, kwa jicho au kwa kumbukumbu. Pili, linakupendeza. Tatu, unaliridhia. Dhambi inakamilika kwenye kuridhia. Yaani mwanamke mzuri kupita mbele yako pale feri si dhambi yako wala yake. Moyo kushtuka, huo ni mwili, hukuuagiza. Ukianza kumfuata kwa macho, kumvua kichwani, ukasema ndani yako "ningepata nafasi ningefanya", hapo umeridhia. Kilichobaki ni nafasi tu.

Kwa hiyo mleta uzi, kabla sijakujibu nina swali, na ujibu kweli. Katika msimu huu umekwenda kwenye ile mizani mara ngapi?

#6 Wakili wa Mtaani

Wakati tunamsubiri ajibu, nigusie ya kuachana, maana hilo ni swali tofauti na watu wanalichanganya.

Soma mistari minne mbele, Mathayo 5:32: "Kila mtu amwachaye mkewe, isipokuwa kwa habari ya uasherati..." Kama kutazama kungekuwa sababu ya kuachana, mstari wa 28 ungeufuta wa 32 wote, maana kila ndoa ingekuwa imeshavunjika. Isitoshe Yesu mwenyewe ndiye anayebana talaka pale, hawezi kuifungulia mlango mkubwa zaidi kwa mkono wa pili.

Tazama na mstari wa 22, hotuba hiyohiyo: "Kila amwoneaye ndugu yake hasira, itampasa hukumu." Na 1 Yohana 3:15 inasema amchukiaye ndugu yake ni mwuaji. Je, umewahi kuona mtu amefungwa kwa kuua kwa sababu alinuna? Yesu anaonyesha mbegu na mti ni jamii moja. Hakusema vina urefu sawa.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 107, inataja ugoni kama mojawapo ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ugoni wa vitendo, ndugu zangu. Hakuna hakimu atakayepokea kielelezo cha mawazo. Na hata kabla ya mahakama kuna baraza la usuluhishi. Shemeji yetu wa Ndanda hajafika huko, ameumia tu.

#7 Mama Ming'oko

Nimesoma mpaka hapa nikaona kitu. Wanaume watano mnajadili macho yenu, hakuna hata mmoja aliyemuuliza yule karani.

Binti wa watu kaenda kazini. Kavaa kitenge chake, anapima korosho, vumbi limejaa puani, anataka mwisho wa mwezi alipwe. Kumbe kuna mtu anakuja pale na magunia, na kichwani amemgeuza kitu kingine. Kwangu mimi hapo ndipo zinaa ilipo. Umemchukua mtu bila kumuomba, ukamtumia. Kwamba hajui haibadilishi kitu, hata mwizi wa usiku mwenye nyumba hajui.

Halafu angalieni Yesu alivyomaliza. Angekuwa mhubiri wa siku hizi angesema mwanamke ajifunike. Yeye kasema jicho LAKO likikukosesha, ling'oe. Dawa kampa mwenye jicho. Nimekaa kanisani miaka mingi nasikia mahubiri ya sketi fupi, mahubiri ya jicho la mwanaume nayahesabu kwa vidole.

Na kabla hamjanirukia: sisi pia tunatazama. Nikiwa msichana kuna mvuvi alikuwa anashusha ngalawa pale Mikindani, mabega yake nayakumbuka mpaka leo na nina wajukuu. Andiko limesema "mwanamke" lakini amri ya kutotamani haijaacha mtu nje.

#8 Dogo wa Shangani

Bibi, mvuvi huyo ndiye babu?

#9 Mama Ming'oko

Siye. Nyamaza.

#10 Ustaadh wa Kitunda

Assalaam alaykum, na kwa ndugu Wakristo, habari zenu. Najua uzi si wangu ila sisi Lindi tunaishi nyumba kwa nyumba, nikaona niweke jiwe langu.

Kwetu iko hadithi katika Bukhari na Muslim: macho yana zinaa yake nayo ni kutazama, ulimi una wake, nafsi inatamani, kisha tupu ndiyo inasadikisha hilo au inalikadhibisha. Neno "zinaa" limetumika kwa macho, lakini hukumu ya zinaa yenyewe haiteremki kwa macho. Iko nyingine inayosema Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yanayonong'onwa na nafsi maadamu mtu hajayasema wala kuyatenda. Na Mtume alimwambia Ali asifuatishe mtazamo kwa mtazamo, wa kwanza ni wako, wa pili si wako. Surat An-Nur aya ya 30 inaanza na wanaume kuinamisha macho, ya 31 ndiyo wanawake. Namuunga mkono bi mkubwa hapo juu.

Naona katekista na sisi hatuko mbali sana.

#11 Moto Juu ya Mlima

Mada ni ya Kikristo. Tusichanganye.

#12 Mkata Mabibo (mleta uzi)

Ustaadh karibu, kaa. Uzi ni wangu.

Mzee wangu Katekista, swali lako nimelisoma jana nikazima simu. Nitajibu, nipe muda.

#13 Mchungaji Hobelahobela

Kuna kitu hakijasemwa. Makanisa yenyewe hayakubaliani ngazi ya kwanza inahesabiwaje.

Wakatoliki kwenye Mtaguso wa Trento, Juni 1546, walisema ule mvuto unaobaki ndani ya mtu aliyebatizwa unatoka kwenye dhambi na unaelekeza kwenye dhambi, lakini wenyewe si dhambi kama mtu hajauridhia. Walutheri walikuwa wameshasema vingine kwenye Ungamo la Augsburg la 1530: mvuto huo tunaozaliwa nao ni dhambi kweli. Na ninyi Waanglikana, mleta uzi sikiliza, Sharti la 9 katika yale Masharti 39 ya 1571 linasema tamaa ina asili ya dhambi ndani yake.

Kwa hiyo chukua barabara ya Masasi. Kanisa la Waanglikana mjini, shina lake ni wamisionari wa UMCA waliofika 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Nenda mbele Ndanda, Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, tangu 1906. Umbali wa nauli ndogo. Kijana yuleyule, wazo lilelile lililomjia bila hodi: upande mmoja ataambiwa "hujatenda dhambi bado, lifukuze", upande mwingine "hata hilo ni kovu la Adamu, liombee rehema". Kwenye ngazi ya tatu wote wanakutana. Katekisimu ya Katoliki ya 1992, namba 2380, inasema wazi Kristo anaikataza hata zinaa ya tamaa tu.

Mimi nimelelewa Kilutheri na naona babu zetu walikuwa wakali mno kwenye ngazi ya kwanza. Ukimwambia kijana wa miaka 15 kwamba damu kuchemka ni dhambi, ama atajichukia, ama ataona dhambi yote ni mzaha.

#14 Kibatari

Jimmy Carter aliwahi kusema hadharani, 1976 akigombea urais Marekani, kwamba ametazama wanawake wengi kwa tamaa na amezini moyoni mara nyingi. Mbaptisti, mwalimu wa shule ya Jumapili. Na mahojiano yalikuwa na jarida la Playboy! Alichekwa nchi nzima, akashinda hivyohivyo. Mleta uzi usikate tamaa, ila mke si mpiga kura.

#15 Bwana Harusi Mtarajiwa

Naomba kuuliza, nikimtamani mke wangu mwenyewe je? Nafunga ndoa baada ya msimu, nisije nikaanza vibaya.

#16 Katekista Mstaafu

Mwanangu umegusa penyewe. Tarehe 8 Oktoba 1980 Papa Yohane Paulo II alisema mume anaweza kuzini moyoni hata na mke wake. Dunia ikapiga kelele, magazeti yakaandika Papa amekataza watu kupenda wake zao. Hakusema hivyo. Alimaanisha ukimtazama mkeo kama chombo cha kumalizia haja, umemtendea vilevile ungemtendea mwanamke wa njiani. Ni lilelile la Mama Ming'oko. Oa kwa amani, mpende, mtamani, huyo ni wako na wewe ni wake.

#17 Babu wa Newala

Sisi tulipokwenda jando tulifundishwa macho yana adabu. Ya jandoni sisemi hapa. Nasema tu kwamba Askofu Vincent Lucas, yule aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi 1926, hakulifuta jando. Aliliingiza kanisani, likawa na sala. Aliona wazee walishajua kumfundisha kijana juu ya mwili wake, kuliko kumwachia mhubiri amtishe tu.

Na sindimba je? Kiuno kinazunguka mbele ya mzee, mtoto, mkwe. Tunatazama wote na tunapiga makofi. Mgeni akija anaona uzinzi. Mwenye uzinzi ni ngoma au mgeni?

#18 Mkata Mabibo (mleta uzi)

Haya. Najibu.

Mwaka jana korosho zangu nilipeleka kwa guta, safari moja, zikaisha. Mwaka huu nimekwenda mara tisa.

Nilikuwa napakia gunia moja kwenye bodaboda badala ya kusubiri zijae. Mke wangu akiuliza kwa nini tunachoma hela ya nauli, nasema naogopa mvua. Na nilijua zamu zake. Nilimuuliza mlinzi wa ghala, nikijifanya nataka kujua siku ambazo foleni ni fupi. Siku isiyo ya kwake nilikuwa nakumbuka kazi shambani.

Nilipoandika uzi nilisema sijafanya kitu. Nilidhani ni kweli.

#19 Katekista Mstaafu

Asante kwa ujasiri. Sasa fungua 2 Samweli 11. Daudi juu ya dari anamwona mwanamke anaoga. Kumwona, ilitokea. Mstari wa 3: "Daudi akapeleka, akauliza habari za yule mwanamke." Jicho lilikuwa limeshapata miguu. Yakobo 1:15 inasema tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi. Yako ilikuwa na mimba ya safari tisa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ndiyo, Bwana anaiita zinaa, na ya kwako ilikuwa ile ya "kwa kumtamani" hasa, si ya kugeuza shingo stendi. Hapo mhubiri wako alikosea, akamtwisha kila mtu mzigo wako. Na hapana, si tendo lilelile. Hukuvunja nyumba ya mtu, hukumleta mtoto duniani, na mkeo hana sababu ya kukuacha kwa andiko hilo. Ila kama ungekuwa muumini wangu ningekutuma kwa padri kwanza, si chini ya mwembe. Ungamo lina mahali pake. Wewe ulitua mzigo kichwani kwako ukamtwika mtu aliyekuwa anamenya ming'oko.

#20 Moto Juu ya Mlima

Katekista, sikubaliani na ya padri, Yakobo 5:16 inasema ungamianeni dhambi zenu ninyi kwa ninyi. Lakini kuhusu shingo stendi nimefikiri. Nimesoma tena ule mstari kwa kituo. "Kwa kumtamani." Sawa.

#21 Mama Ming'oko

Mleta uzi, panda gari nenda Ndanda. Na usiende na Biblia, nenda na habari ya bodaboda. Huyo mwanamke ameshahesabu zile nauli, amini nakwambia.

#22 Mkata Mabibo (mleta uzi)

Mrejesho.

Nilikwenda. Shemeji alinipokea vizuri, akaniwekea kiti nje, akaondoka. Mke wangu alikuja na beseni, akakaa anachambua mchele bila kuniangalia. Nikamwambia ya safari tisa. Akasema, "Nilihesabu kumi." Ya kumi nilikuwa nimeisahau, lakini ni kweli.

Akasema kuwaza hakukumuuma sana, yeye pia ana kichwa. Kilichomuuma ni kwamba nililitaja jina haraka, kama kitu kilichokuwa mdomoni siku zote. Na ya mvua. "Ulinidanganya kwa mvua," alirudia mara mbili. Sikuwa na andiko la kujibu hapo.

Alirudi Alhamisi, kwa sharti kwamba korosho zilizobaki anapeleka yeye. Jana kakodi guta, kapakia zote kwa pamoja, kaenda. Nilibaki nyumbani naokota mabibo na watoto, moyo uko juu.

Jioni kaniwekea ugali na kisamvu. Kakaa. Kanikabidhi stakabadhi, kilo zimeandikwa vizuri. Nikasubiri. Mwishowe kasema, "Yule binti kanisalimia kwa heshima. Kauliza, yule mzee wako hajambo? Mbona siku hizi haji?"

Wakuu, nina miaka 38.

#23 Dogo wa Shangani

"Yule mzee wako" 😂😂 Njomba pole.